Mwalimu kaniambia nijiandikie barua, yeye atie sahihi

Mwalimu, habari za kazi.

Mimi ni msichana wa S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, katika shule ya bweni hapa Arua, Uganda, nasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu). Baba ni askari, tumekulia kambini, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu ndicho kinachotukutanisha wote. Naandika haraka kwa simu ya mama. Shuleni simu haziruhusiwi, na nimepewa ruhusa ya siku mbili tu nije kung'oa jino.

Nataka kuomba vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili, kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa pamoja. Vingi kati ya nilivyochagua vinataka barua mbili za walimu, na kimoja kinasema wazi kwamba mwalimu mmoja awe wa hesabu au sayansi, mwingine wa masomo ya sanaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwalimu wa fizikia ananifahamu tangu S.5, siku tulipofanya jaribio la springi na mizigo. Wenzangu walipika majibu, grafu zao zikanyooka. Yangu ilipinda, nikakataa kuipika, nikabaki maabara nikirudia mpaka chakula cha mchana kikaisha. Mwishowe yeye na mimi tukagundua kwamba stopwochi niliyopewa ndiyo iliyokuwa mbovu. Mpaka leo ananiita Saa Mbovu. Basi nilipomwomba barua alicheka, akasema, "Kiingereza chako kizuri kuliko changu. Andika mwenyewe, niletee nitie sahihi." Mwanzoni nilifurahi. Nimeandika kwamba mimi ni mwanafunzi mwenye nidhamu, mchapakazi, mcha Mungu, mnyenyekevu na kiongozi wa kuzaliwa. Kila nikiisoma naona haya. Dada mmoja aliyemaliza mwaka jana ananiambia nisijisumbue: yeye alifungua barua pepe kwa jina la mwalimu, akajitumia mwaliko, akajaza kila kitu usiku mmoja, na mwalimu alijua.

Kwa upande wa sanaa, mwalimu wangu wa Kiingereza wa S.3 na S.4, aliyenifundisha mdahalo, alihamishiwa shule ya mbali. Sasa nimebaki na mwalimu wa General Paper, somo dogo la kuandika insha za hoja, peke yake, na hilo somo tunakaa ukumbini S.6 nzima. Sidhani kama anajua jina langu.

Mwalimu mkuu naye amesikia. Anasema barua za kwenda nje huandika yeye, si mwalimu wa kawaida. Sekretari wake anataka shilingi 30,000 za kuichapa. Halafu baba ameona kwenye maelezo kwamba kuna mahali unatia tiki kukubali kutoiona barua ya mwalimu. Amesema nisithubutu kutia, maana huwezi kusaini haki yako iende.

Nifanye nini, na nianzie wapi? Mock, mtihani wa majaribio, inaanza hivi karibuni.

Saa Mbovu, Arua

*

Binti yangu, pole kwa jino.

Barua uliyojiandikia iache hapo ilipo, hata kama mwalimu mwenyewe ndiye aliyeiagiza. Lakini tusimhukumu. Mwalimu wa fizikia wa huku kwetu ana madarasa kuanzia chini mpaka S.6, ana ripoti za maabara zimerundikana mezani, na huenda jioni anapanda boda kwenda kufundisha shule ya pili. Hakuna chuo cha hapa kilichowahi kumwomba anachoombwa sasa. Makerere inakupima kwa matokeo ya UACE, mtihani wa taifa wa S.6, na uzito wa masomo yako, haina haja ya kumuuliza mwalimu wa fizikia wewe ni mtu wa namna gani. Barua anayoijua yeye ni ile ya mistari sita yenye muhuri, inayosema fulani alisoma hapa mwaka fulani hadi mwaka fulani na tabia yake ilikuwa nzuri. Barua ya aina hiyo hata mwanafunzi akiichapa hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo amekujibu kulingana na alichodhani umeomba.

Unachoomba ni kitu kingine kabisa. Kule, mtu anayesoma faili lako ameshaona matokeo yako na insha yako. Akifika kwenye barua ya mwalimu anataka ushahidi wa mtu wa pili, aliyekuwa chumba kimoja na wewe wakati unafikiri. Nidhamu, bidii na ucha Mungu vimo katika barua za waombaji wote kutoka Cape Town hadi Cairo, havimwambii kitu. Ndiyo maana nilipofika kwenye ile springi yako nilisimama nikairudia. Msichana anakosa chakula cha mchana kwa sababu hataki kupika majibu, kisha anakuwa na haki! Barua yako ndiyo hiyo. Na angalia: kwangu umeisimulia kwa kupita tu, lakini katika rasimu yako haimo. Ulipokaa kujisifu uliona haya ukakimbilia maneno ya kwenye ripoti ya muhula. Mwalimu wako hana haya hiyo. Aliyekupa jina la Saa Mbovu ana la kusema.

Tena fomu yenyewe haikubali ujanja huo kirahisi. Mbali na barua, mwalimu anaulizwa amekujua kwa muda gani na katika masomo gani, na kuna jedwali la kukupima ukilinganishwa na wanafunzi wengine aliowahi kuwafundisha. Mtoto wa miaka 18 atajuaje kwamba yeye ni miongoni mwa wachache bora katika miaka kumi ya kazi ya mwalimu?

Ushauri wa huyo dada ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Mwalimu kujua hakuubadilishi. Anayefungua barua pepe kwa jina la mtu mwingine na kutuma maneno kama yake amefanya udanganyifu, na chuo kikigundua kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kukupa, hata ukiwa umeshafika darasani. Kugundua wala si kazi. Simu moja kwa shule inatosha: "Mwalimu, tulipokea barua yako kuhusu mwanafunzi huyu, tungependa kusikia zaidi." Mwalimu atauliza, barua gani? Na shule ikishatiliwa shaka, wanaokuja nyuma yako watasomwa kwa jicho hilo hilo.

Kwa hiyo mrudie mwalimu wako, ana kwa ana, asiwe anakimbilia kipindi. Mwambie: "Mwalimu, nimejaribu kuandika nimeshindwa. Vyuo hivi vinataka maneno ya mwalimu mwenyewe, na anayajaza yeye kwenye mtandao. Nimeleta ukurasa wa kukumbushia tu." Kisha mpe ukurasa mmoja, usizidi, ulioandikwa kwa mkono au kuchapwa, haidhuru. Uwe na mambo aliyoyaona yeye: jaribio la springi, tarehe kama unaikumbuka, mada iliyokushinda mwanzoni na jinsi ulivyoimudu, swali ulilomuuliza akasema mtalirudia kesho, wenzako uliowaelekeza prepu ya usiku. Weka unachotaka kusomea na kwa nini. Orodha ya vyuo na tarehe zake iwe chini kabisa, kwa herufi kubwa. Usiandike sifa hata moja. Ukiandika "mimi ni mbunifu" atanakili "ni mbunifu", tutakuwa tumerudi pale pale.

Akikwambia tena Kiingereza chake si kizuri, mwambie ukweli kwamba hawatoi maksi za sarufi. Barua fupi yenye tukio moja la kweli, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kawaida cha mwalimu wa sayansi, inaaminika kuliko ile inayong'aa. Akitaka msaada wa kuipakia, amwombe mwalimu wa ICT. Wewe usiiguse.

Sasa namna inavyokwenda, kwa sababu najua shuleni huna simu na huwezi kubahatisha. Msimu mpya wa Common App hufunguka tarehe 1 Agosti. Akaunti unaweza kuifungua hata leo, lakini usimwalike mwalimu kabla ya tarehe hiyo, kwa sababu mialiko ya msimu unaokwisha haihamii kwenye mpya. Likizo ya muhula wa pili ikifika, ongeza angalau chuo kimoja, jaza sehemu ya shule yako, saini ile fomu ya haki ya kuona barua (nitaifikia, baba asiwe na wasiwasi), ndipo uandike jina na barua pepe ya mwalimu. Yeye atapata kiungo, atafungua akaunti yake, atajaza. Anajaza mara moja tu. Kazi ya kumpangia vyuo ni yako, na ukisahau kumpangia chuo fulani, kile chuo hakitaona kitu hata kama barua imeshaandikwa. Wengi huangukia hapo. Hakikisha pia barua pepe uliyopewa ni ile anayoifungua. Walimu wengi wana anwani ya zamani waliyofunguliwa na mtu mtandaoni kafe na neno la siri walishalisahau. Mwombe akutumie ujumbe mmoja kutoka hapo kabla hujaiandika popote.

Tarehe za mwisho kwenye tovuti za vyuo zitakuhadaa. Vyuo vingi vitakwambia Januari 1, au siku chache baadaye, nawe utaona bado mbali. Hesabu kwa kalenda yetu. Septemba na Oktoba walimu wa S.6 wanakimbizana na silabasi. Novemba ni mitihani ya taifa ya UNEB, na wewe mwenyewe hutafikika. Desemba walimu wengi wazuri wanaitwa kusahihisha mitihani, wanafungiwa kwenye vituo; wakitoka huko ni Krismasi na wako kijijini ambako mtandao unategemea umesimama chini ya mti gani. Kwako wewe tarehe ya mwisho ni Septemba 30. Usimtajie mwalimu nyingine. Na ile awamu ya mapema ya Novemba 1 ningeiacha. Mtu hawezi kuwa anasahihisha insha yake wiki anayojiandaa kwa mtihani wa vitendo.

Kuna wanaosubiri matokeo na kuomba wakiwa vaki, yaani likizo ndefu ya baada ya S.6, kisha kuanza chuo mwaka unaofuata. Si vibaya hata kidogo, hasa kama mock itakuendea vibaya. Hata ukiamua hivyo, chukua ahadi za walimu kabla hujaondoka shuleni. Umeshaona mwenyewe jinsi walimu wanavyohamishwa.

Tukija kwenye barua ya pili, wengi wangekwambia umtafute yule wa mdahalo. Mimi nasema hapana, au tuseme si kwa nafasi hiyo. Vyuo vingi hupendelea mwalimu aliyekufundisha miaka miwili ya mwisho, na S.3 ni zamani. Sisi tuna tatizo letu ambalo Wamarekani hawalijui: mtoto wa PCM akishavuka S.4 hana historia, hana fasihi, hana dini. Ana masomo yake matatu, ICT, na General Paper. Kwa hiyo mwalimu wa GP ndiye mwalimu wako wa sanaa, upende usipende, na ninyi mnaoliona somo hilo ni la kupata alama moja tu na kupita mnajikosesha. Ndilo somo pekee mnaloandika hoja zenu wenyewe.

Hajui jina lako? Una wiki kadhaa. Insha inayofuata iandike ile ngumu ambayo wenzako wanaikwepa, kisha mfuate na karatasi iliyosahihishwa, umuulize kwa nini amekata hoja ya pili. Irekebishe, mrudishie. Fanya hivyo na insha nyingine. Kufikia mwisho wa muhula atakuwa na kitu cha kusema juu yako ambacho hakimo katika barua ya fizikia: unavyopokea kukosolewa. Mwombe hapo, na umpe karatasi hizo hizo zenye wino wake mwekundu pamoja na ukurasa wako. Nikuongezee jambo moja. Walimu wa sanaa wamekuwa na kinyongo tangu mwaka 2022 serikali ilipopandisha mishahara ya wale wa sayansi ikawaacha wao. Mwaka 2025 waligoma kwa ajili hiyo. Mtoto wa PCM anayekuja kusema "nakuhitaji wewe" anaweza kukuta mlango wazi kuliko anavyofikiri.

Yule wa mdahalo mpigie simu likizo umsalimu. Baadhi ya vyuo vinaruhusu mpendekezaji wa ziada, na hapo ndipo mahali pake. Chuo kisichoruhusu usikilazimishie.

Mwalimu mkuu usibishane naye, kwa sababu ana haki nusu. Mfumo una nafasi inayomhusu kabisa: ripoti ya shule, ambayo Marekani hujazwa na mshauri wa wanafunzi. Shule zetu nyingi hazina mtu huyo, hujaza mwalimu mkuu au DOS, yule mkuu wa taaluma. Nenda umwambie kwamba sehemu yake ndiyo kubwa kuliko ya walimu, na kweli ni kubwa. Ndiyo inayobeba matokeo yako, alama unazotarajiwa kupata, na maelezo ya shule. Hapo ndipo msomaji wa kigeni anapoelezwa kwamba UACE ina pointi 20 tu, sita kwa kila somo kuu na moja moja kwa yale mawili madogo, na kwamba B ya fizikia ni tano kati ya sita, si B ya kawaida ya kwao. Ninyi mliofanya UCE, mtihani wa S.4, mwaka 2024 mlikuwa wa kwanza chini ya mtaala mpya, wa herufi A hadi E, na mtu aliyezoea kuona matokeo ya Uganda kwa aggregate, yaani jumla ya alama, atachanganyikiwa asipoelezwa. Binafsi ningemwomba DOS ashike kalamu na mwalimu mkuu atie jina, kwa kuwa DOS ndiye mwenye maksi za mock. Lakini hilo wapangie wao kwa adabu, usilitamke hivyo ofisini.

Baba yako ana hoja, na mweleze hivi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1974, FERPA, inayompa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake, ikiwemo barua ya mwalimu, akishaandikishwa katika chuo husika. Kusema unaiachia haki hiyo hakukunyimi nafasi wala ufadhili. Kunamwambia msomaji kwamba mwalimu aliandika bila kuogopa utakuja kumuuliza. Usipoiachia, barua nzuri inasomwa kama barua ya kirafiki. Tia tiki. Kama unaogopa mwalimu ataandika vibaya, basi umechagua mwalimu asiye sahihi, na dawa yake ni kumuuliza mapema: "Mwalimu, utaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru, tafuta mwingine. Mwalimu wako wa fizikia sioni akisitasita.

Ile 30,000 usiitoe mkononi mwa sekretari. Common App haimtozi mwalimu wala shule kitu kwa kutuma barua, na ada ya maombi yako wewe unaweza kuomba usamehewe humo humo kwenye mfumo kama kipato cha nyumbani ni kidogo. Shule ikiwa na gharama ya kuchapa au kuskani matokeo yako, mama alipe kwa bursar, mhasibu wa shule, na apewe risiti. Muulize sekretari kwa upole, mbele ya mtu mwingine, hiyo 30,000 inaandikwa wapi kwenye risiti.